Amplifaya ya mteja "inakula muziki": roki inalia vizuri, klasiki inapotea. Naombeni msaada kabla ya kesho

Fundi wa Stendi (Tukuyu)
Jumapili, saa 1:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi redio hapa Tukuyu, kibanda changu kiko jirani na stendi, huu ni mwaka wa kumi na nne. Nimefungua kila kinachofunguka, kuanzia redio za mbao za wazee mpaka sabufa za vijana wa bodaboda. Wiki hii nimekwama, na nilivyokwama naona hata haya kusema. Nitaeleza kirefu, mnivumilie, maana sijui kwenye maelezo haya jibu limejificha wapi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, alikuja mwalimu mmoja mstaafu ambaye sijawahi kumhudumia. Kabeba amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1980 kwenye mfuko wa salfeti, nzito kama ndoo ya mahindi, na spika zake mbili kapakiza kwenye bodaboda. Nikamwamkia, nikamuuliza inasumbua nini.

"Inakula muziki."

Inakoroma, Mwalimu? Hapana. Inakatakata? Hapana. Ina harufu ya kuungua? Hapana. "Inakula muziki. Inachagua ule mtamu, unaousikiliza kwa kuinamisha kichwa." Akanikabidhi flashi. "Ukitaka kuijua, ipime kwa hizi. Usiipime kwa nyimbo zako." Akapanda Kosta ya Kyela kwenda kwa binti yake. Anarudi kesho.

Alipotoweka tu, nikaipima kwa nyimbo zangu. Singeli, volyumu nusu, spika zote mbili zikaimba mpaka vikombe vya mama wa chai jirani vikacheza mezani. Mita nayo ikasoma sawa kulia na kushoto. Nikasema huyu mzee kilichochoka ni masikio, nitapuliza vumbi nimchaji elfu kumi. Lakini usiku ule dhamira ikanisuta. Mtu kaniachia flashi, kaniambia kabisa niipime kwa nini.

Ndani kuna folda tatu: ROKI, JAZI, KLASIKI. Mimi ni mtu wa dansi la zamani na Bongo Fleva kidogo, kwa hiyo wiki nzima nimekuwa kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku.

Jumatatu nilianza na ROKI. Nikabofya wimbo wa kwanza, nikainama kuchomea kapasita ya redio ya mtu. Mara mvua. Mara radi. Tukuyu hii, mwezi wa nne, mvua haipigi hodi, nikatoka mbio kuingiza spika za watu nilizokuwa nimezianika kwenye benchi. Nje jua linawaka. Kina mama wa ndizi wananitazama. Kumbe mvua iko ndani ya wimbo! Ikafuata kengele ya kanisa, halafu gitaa likaingia zito, kama lori la mizigo linapandisha Kitonga na gia namba moja.

Nikatafuta mtandaoni hawa ni kina nani. Black Sabbath, watu wa Birmingham, Uingereza, santuri yao ya kwanza, 1970, na waliirekodi karibu yote kwa siku moja. Ila kilichoniketisha chini ni habari za mpiga gitaa wao, Tony Iommi. Alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha bati, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye anapiga kwa kushoto, maana yake vidole hivyo ndivyo vya kubania nyuzi. Unajua alifanya nini? Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaifinyanga, akaitoboa kwa pasi ya solda, akavaa kama tondoo. Pasi ya solda, wakuu! Baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize, na kulegeza huko kukazidisha ule mngurumo mzito ambao dunia nzima ikauiga. Siku hiyo nilishika pasi yangu kwa heshima zaidi.

Amplifaya haikula hata chembe. Kulia, kushoto, besi, tuwita, kila kitu kilikuwepo.

Jumanne niliendelea na ROKI, wakawemo Queen. Nikamwambia kondakta mmoja hapa kwamba huyu anayeimba, Freddie Mercury, kazaliwa Unguja mwaka 1946. Akabisha, tukabishana mpaka gari lake likajaa. Amplifaya safi.

Jumatano umeme haukuwepo kutwa nzima.

Alhamisi, JAZI. Hapa nilifurahi mapema, maana marehemu baba alikuwa dereva wa malori na kwenye gari lake kaseti zilikuwa za Morogoro Jazz na Tabora Jazz tu. Nikasubiri gitaa la solo, nikasubiri mtu aimbe habari za mapenzi na mshahara. Haimbi mtu. Besi inaanza kama mtu anajisemea peke yake, piano inamwitikia, halafu tarumbeta. Ni Miles Davis, santuri inayoitwa *Kind of Blue*. Wameirekodi Machi na Aprili 1959, New York, kwenye studio iliyokuwa kanisa zamani.

Nilichopenda kama fundi ni hiki. Siku ile ya Machi mashine ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole kidogo. Mkanda uliorekodiwa polepole ukiupiga kwa mwendo wa kawaida sauti inapanda, mnalijua hilo mliotengeneza kaseti. Kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza ziliuzwa zikiwa zimepanda kidogo kuliko walivyopiga wenyewe, na kosa halikurekebishwa mpaka miaka ya 1990. Zaidi ya miaka thelathini dunia inashangilia santuri yenye mota mbovu. Mimi mteja akirudi baada ya siku mbili najificha chooni.

Sasa jambo moja dogo. Alhamisi mchana, volyumu ikiwa juu kidogo, nilihesabu saksofoni mbili, mmoja kakaa huku, mwingine kule. Usiku nikaibeba mashine nyumbani, nikairudia kwa sauti ya chini, mtoto kalala, nikahesabu saksofoni moja. Nikasema usingizi huo. Nalitaja tu kwa sababu nimeahidi kueleza yote.

Ijumaa nilikuwa na kazi za watu. Jumamosi, KLASIKI, na hapo ndipo nilipogombana na jirani. Kipande kinaitwa *Boléro*, mtunzi Maurice Ravel. Nimebofya, kimya. Nikaangalia simu, muda unasogea. Nikaongeza volyumu. Kwa mbali nikasikia kama mtu anagongagonga kibiriti kwa kucha, na filimbi. Nikaongeza tena. Mvua ya kweli nayo ikaanza, na nyie mnaijua mvua ya Tukuyu juu ya bati, nikaongeza mpaka robo tatu, nikaenda kwenye kibanda cha chai. Wimbo ni kama robo saa, melodi zile zile mbili zinazunguka, anabadilika mpigaji tu. Saksofoni nazo zimo, nilidhani nimekosea folda. Niko katikati ya andazi, sauti ikaanza kupanda, na upande wa kushoto uliokuwa umenyamaza nao ukajiunga, "kwap!", nikasema aha, kumbe walikuwa wanasubiri zamu yao. Dakika za mwisho kibanda kilikuwa kinanguruma kama mashine ya kusaga. Jirani anayeuza vifaa vya shule akaja na fagio. Sitaki kuongeza hapo.

Leo jioni nimemalizia na mtunzi Bach, kipande cha selo (ile fidla kubwa) peke yake. Mtu mmoja, chombo kimoja. Kakaa upande wa kulia tu, na sikuona ajabu, mtu mmoja atakaaje pande mbili.

Swali langu ni hili: muziki huu wa klasiki umerekodiwa hivyo, wa kupotea na kurudi, au kweli mashine inakula? Maana kesho Mwalimu anakuja, na mpaka sasa nilichonacho ni vumbi nililopuliza.

---

Kijana wa Uyole
Jumapili, saa 1:58 usiku

Fundi, weka singeli mrudishie mzee wa watu mzigo wake. Ila hiyo ya kukimbilia spika juani nimecheka mpaka abiria wenzangu wameniangalia.

---

Mpakani TDM (Tunduma)
Jumapili, saa 2:15 usiku

Mkuu, kwenye amplifaya sitii neno, mimi nauza matairi. Lakini hiyo folda ya ROKI umeniumiza. Black Sabbath, Queen, sawa. Mbona hakuna majirani? Ukitoka hapo Tukuyu ukaja kwetu unavuka barabara tu uko Zambia, na miaka ya sabini Zambia ilikuwa na roki yake, inaitwa Zamrock. Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia, basi vijana wa mkoa wa shaba wakachomeka magitaa yenye mikwaruzo wakaanza kupiga, Kiingereza humo, Kibemba humo.

Tafuta WITCH. Herufi hizo ni za maneno ya Kiingereza yenye maana ya tumekusudia kuzua balaa. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda walimwita Jagari, wamelitohoa kwa Mick Jagger. Tafuta Amanaz, santuri yao ya 1975 inaitwa *Africa*. Tafuta Paul Ngozi. Bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya miaka ile, hela ya kwenda dansini ikakauka, bendi zikafa moja moja. Jagari mwenyewe akaishia kuchimba vito. Sasa hivi ni mzee, na Wazungu wamemvumbua upya, anazunguka Ulaya anapiga nyimbo zile zile.

Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi kwenye treni ya TAZARA, Dar mpaka Kapiri Mposhi kilomita 1,860, na alikuwa anarudi na santuri hizo amezifunga kwenye kitenge. Tulipohama nyumba zikakanyagwa. Mwambie huyo Mwalimu aongeze folda ya nne.

---

Mzee wa Gangilonga (Iringa)
Jumapili, saa 2:31 usiku

Kamwene. Roki ya kweli ni hii yetu ya Gangilonga, mwamba unaosema wenyewe bila amplifaya. Natania.

Kijana, usimlaumu marehemu baba yako kwa neno jazi. Enzi zetu bendi yoyote yenye tarumbeta, saksofoni na magitaa iliitwa jazz, basi. Morogoro Jazz ilianzishwa 1944, kabla huyo Miles wako hajatoa santuri hata moja kwa jina lake. Na mpiga gitaa wao Mbaraka Mwinshehe mwaka 1970 alikwenda kupiga Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Wajapani walimsikiliza Mbaraka kabla hawajakutengenezea hiyo amplifaya unayoifungua.

Ila umenikumbusha jambo. Ukizima kaseti ya Mbaraka, ukaweka hiyo ya 1959, utaona saksofoni zinafanya kitu kimoja: mtu anasema, mwenzake anamjibu. Sisi tulichezea, wao walikaa kwenye viti. Ndiyo tofauti niliyoiona mimi.

---

Mama Kwaya (Kihesa, Iringa)
Jumapili, saa 2:50 usiku

Mdogo wangu, pole na jirani. Nafundisha kwaya miaka ishirini na mbili, ngoja nikusaidie sehemu ninayoijua.

Muziki huo haujakosewa, umeandikwa hivyo. Kwenye karatasi zetu za sol-fa, zile za d r m f, juu ya mstari utakuta herufi p na f. Ni za Kiitaliano: p ni piano, imba kwa sauti ya chini, f ni forte, imba kwa nguvu. Zikiwa mbili mbili ndiyo zaidi. Wanakwaya wangu wakiona p wanadhani ni pumzika, na f wanasema ni fanya kweli. Kila Pasaka tunaimba Haleluya ya Handel, ile ya mwaka 1741, mtu aliitunga kazi yote (Messiah, ambayo Haleluya ni kipande chake) kwa siku 24 ikaimbwa mara ya kwanza Dublin 1742, na kila Pasaka nagombana na besi kwa sababu wao kwao kuna f peke yake. Nawaambia, mkianza mmepasua bati, mkifika kwenye Mfalme wa wafalme mtapasua nini?

*Boléro* ndiyo imejengwa juu ya jambo hilo hilo. Ravel aliiandikia dansi ya jukwaani, Paris, 1928. Huyo uliyedhani anagonga kibiriti ni mpiga ngoma ndogo. Anaanza kwa p mbili na anarudia mdundo mmoja tu, bila kubadilisha, mpaka mwisho. Namwonea huruma kuliko mtu yeyote kwenye orkestra. Vyombo vinaongezeka kimoja kimoja, na hakuna anayeruhusiwa kuharakisha. Kwa hiyo usiongeze volyumu mwanzoni. Weka kiasi ambacho mwisho wake utavumilika, kisha sogeza kiti. Na usiisikilize mvua ikinyesha, utakuwa unasikiliza bati.

Lakini kuna kitu kimoja sijakielewa. Unasema upande wa kushoto ulinyamaza kisha ukajiunga "kwap". Orkestra haijiungi hivyo. Watu wameketi jukwaa zima toka mwanzo, na sauti ya ukumbi inakwenda pande zote hata akipiga mmoja. Kuta zinazorudisha sauti ya filimbi haziko upande mmoja tu. Hapo wenye mita waseme.

---

Solda Makambako
Jumapili, saa 3:22 usiku

Fundi mwenzangu, nimesoma mara mbili. Jibu umeliandika mwenyewe ukasema "nalitaja tu".

Mchana saksofoni mbili, usiku moja. Wimbo ule ule, mashine ile ile, kilichobadilika ni volyumu. Santuri ile ya 1959 saksofoni moja iko kushoto, nyingine kulia. Aliyepotea usiku bila shaka ni wa kushoto. Selo imesikika kulia tu. *Boléro* kushoto imekuja ilipopanda. Singeli na roki pande zote mbili zipo. Unataka nikuchoree?

Chaneli yako ya kushoto haipiti sauti ndogo. Ukiwasha hiyo mashine inakaa sekunde mbili tatu halafu inasema "tak", ndiyo?

---

Fundi wa Stendi (Tukuyu)
Jumapili, saa 3:30 usiku

Ndiyo. Tak.

Mungu wangu. Rilei.

---

Solda Makambako
Jumapili, saa 3:41 usiku

Rilei ya spika, ile swichi inayojifunga yenyewe kuunganisha spika ukishawasha. Miaka arobaini inafunga na kufungua, na huko kwenu ukungu unaingia mpaka kwenye kabati la nguo. Kontakti zake, vile vyuma vinavyogusana, zimeota utando, kama ngozi nyembamba. Sauti kubwa ni umeme wenye nguvu, unautoboa huo utando na kupita, ndiyo maana ukipima kwa singeli huoni kitu. Sauti ndogo inafika pale inakuta mlango umerudishiwa. Mita nayo uliipima ukiwa umepandisha, sivyo? Ndiyo hivyo, ulipima mlango ukiwa umeshapigwa teke.

Kabla hujaifungua, hakikisha. Badilisha nyaya za kuingilia, ya kulia weka kushoto, piga selo kwa sauti ya chini. Kama ukimya umebaki kushoto, si chanzo, ni mashine. Halafu badilisha na za spika uone kama spika zenyewe ni nzima. Ukimya ukihamia kwenye spika nyingine, umeithibitisha. Pia zungusha kitasa cha volyumu taratibu, kikikwaruza basi na chenyewe kina uchafu, usije ukamsingizia rilei peke yake.

Kusafisha: zima, chomoa, acha kapasita kubwa zishuke chaji. Toa kava la plastiki la rilei. Kata karatasi safi ngumu, kadi ya mwaliko wa harusi inafaa sana, ilowanishe na spiriti, ipitishe katikati ya kontakti, zibane kidogo kwa kidole, vuta. Rudia na vipande vipya mpaka karatasi itoke haina weusi. Usitumie msasa hata kama mkono unawasha! Juu kuna fedha, ukiikwangua umempa Mwalimu miezi miwili kisha anarudi na mfuko wake wa salfeti.

Mimi nilikamatwa na kitu hiki hiki mwaka juzi, nikabadilisha transista nane za watu bure. Kwa hiyo usione haya.

---

Kijana wa Uyole
Jumapili, saa 3:45 usiku

Yaani mtu anasikiliza Bach upande mmoja na anasema "mtu mmoja atakaaje pande mbili". Naombeni huu uzi usifutwe.

---

Fundi wa Stendi (Tukuyu)
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wakuu, narudi na majibu kama nilivyowaahidi wachache huko pembeni.

Usiku ule sikulala. Nilirudi kibandani saa nne na tochi mdomoni, nikabadilisha nyaya kama Solda alivyosema. Ukimya umebaki kushoto. Nikabadilisha za spika, ukimya ukahama. Kitasa cha volyumu kimetulia, hakikwaruzi. Nikafungua rilei. Kadi ya harusi sikuwa nayo, nikakata kadi ya mchango wa kipaimara (mwenyewe nilikuwa nimeshachanga, msiniseme). Kipande cha kwanza kimetoka na mistari miwili myeusi kama imechorwa kwa penseli. Cha nne kikatoka cheupe.

Nikaweka Miles Davis kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu mwenye mtoto aliyelala. Saksofoni mbili. Nikakaa pale mpaka zikaisha nyimbo zote tano, sikugusa kazi ya mtu. Mzee wa Gangilonga, nimeona ulichosema. Wa kulia anaongea kwa furaha, maneno mengi, kama kondakta aliyejaza gari. Wa kushoto anatafuta kitu, anakaribia kukipata, anaacha, anarudi kwa njia nyingine. Alhamisi usiku nilikuwa namsikiliza mmoja tu nikidhani ndiyo mazungumzo yote. Solda, tatizo la huyu wa kushoto ni kwamba sasa nikienda kazini namkumbuka.

Mwalimu kafika leo saa tisa alasiri, kashuka na ndizi na dagaa wa Kyela. Nikamwamkia, nikamwambia ukweli wote, mpaka ile ya kuanza kuipima kwa singeli siku ya kwanza. Akasema "najua". Sijui amejuaje.

Nilitaka nimwekee *Boléro* nimwonyeshe mwanzo wake, lakini mvua ikaanza, ile yenyewe, na mama Kwaya alishatukataza. Tukakaa tunaitazama. Hatukuongea kwa sababu huwezi kuongea. Karibu saa nzima. Mama wa chai katuletea chai, Mwalimu kamega andazi na kulichovya polepole kama mwenye siku nzima mbele yake. Mvua ilipokatika, likabaki tone moja moja kwenye ukingo wa bati, akanyoosha kidole kwenye amplifaya. Nikaweka selo.

Mwanzo alikuwa ameelekeza sikio spika ya kulia. Nadhani ni mazoea, kasikiliza upande huo muda mrefu. Taratibu kichwa kikaja katikati. Akafumba macho, akanyoosha mkono, si kwenye spika ya kulia wala ya kushoto. Akaonyesha katikati yake, mahali pasipo na kitu.

"Amekaa pale," akasema.

Nikaangalia. Pale pana stuli ya wateja, na juu yake redio ya mtu haina mgongo.

Nimemchaji elfu tano. Kaniachia flashi niikopi, na Mpakani, nimemfikishia habari ya folda ya nne. Anasema hao WITCH aliwahi kuwaona kwa macho yake, Kitwe, ila hadithi hiyo atanipa siku nyingine.

---

Mpakani TDM (Tunduma)
Jumatatu, saa 2:19 usiku

ATI KAWAONA? Fundi, nipe siku atakayokuja tena. Nakuja na nauli yangu.

---

Solda Makambako
Jumatatu, saa 2:25 usiku

Hongera. Ila kusafisha ni dawa ya maumivu tu. Tafuta rilei mpya yenye volti zile zile za koili na miguu inayolingana, ibadilishe kabla ya masika mengine. Na nyuma weka mashine mbali na ukuta, ipumue.

---

Kijana wa Uyole
Jumatatu, saa 2:33 usiku

Kwa hiyo singeli yangu wiki nzima haikuwa na shida yoyote.

---

Mama Kwaya (Kihesa, Iringa)
Jumatatu, saa 2:40 usiku

Singeli haina p, mwanangu.